Karakana Ndani ya Chupa

Kadi aliyoitumia Thomas Young mwaka 1803 ilikuwa na upana usiotimia milimita moja. Daktari huyo wa London aliziba tundu la kibao cha dirisha kwa karatasi nene, akaitoboa karatasi kwa sindano nyembamba, na nje akategesha kioo ili jua liingie chumbani kama mwali mmoja uliolala sambamba na sakafu. Kisha akaiingiza kadi katikati ya mwali, ukingo mbele, mwanga ukagawanyika na kupita pande zote mbili. Katika kivuli chembamba kilichoanguka upande wa pili hamkuwa na giza tupu. Mlikuwa na mistari ya mwanga na giza ikipokezana, na katikati kabisa, mahali ambapo mtu angetarajia weusi kuliko pengine pote, palikuwa peupe.

Young akauziba mwanga wa upande mmoja tu wa kadi. Mistari yote ya ndani ya kivuli ikafutika, ingawa upande wa pili mwanga uliendelea kupita vilevile. Hapo ndipo penye uzito. Palipokuwa na mstari wa giza, mwanga ulikuwa umekutana na mwanga na vyote viwili vikatoweka. Chembe mbili ukizijumlisha huwezi kupata sufuri. Mawimbi mawili unaweza, kama kilele cha moja kinaangukia kwenye bonde la jingine. Newton, ambaye jina lake lilitosha kunyamazisha ubishi Uingereza kwa takriban karne nzima, alikuwa ameegemea upande wa chembe. Sasa kipande cha kadi kilikuwa kinambishia.

Vitabu vya shule husimulia zaidi matundu mawili, ambayo Young aliyaeleza kwenye mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1807. Mimi nabaki na kadi. Ingekuwa pana zaidi, mistari ingebanana hata jicho lishindwe kuitenganisha. Ingekuwa nyembamba mno, kivuli kisingekuwa na nafasi ya kuibeba. Mtu aliyeikata alijua alichokuwa anakitafuta, na mkono wake ulijua pa kusimama. Aliwaambia wasikilizaji wake wa Royal Society kwamba jaribio hilo linaweza kurudiwa popote jua linapowaka, kwa vitu ambavyo kila mtu anavyo nyumbani. Ni kweli, na ni maneno ya fundi: yule aliyekwisha kuhangaika mpaka kazi ikaonekana nyepesi.

Habari za nuru husimuliwa kwa kawaida kama ugomvi wa mawazo. Huygens alisema wimbi, Newton akasema chembe, Maxwell akarudisha wimbi, Einstein akarudisha chembe, na msomaji anaachwa akitikisa kichwa. Ukizisoma kama habari za mafundi, unaona kitu kingine. Kila hatua kuna mtu aliyekaa na kifaa chake muda mrefu kuliko ilivyokuwa busara, akakisafisha, akakipima, akakiondolea kila njia ya kudanganya, mpaka siku kikatoa jibu ambalo yeye mwenyewe hakulitaka.

Augustin Fresnel alikuwa mhandisi wa barabara nchini Ufaransa. Napoleon aliporudi kutoka kisiwa cha Elba mwaka 1815, Fresnel alijiunga na upande wa mfalme, upande ulioshindwa, akaachishwa kazi na kuwekwa chini ya macho ya polisi. Akaenda kukaa kwa mama yake katika kijiji cha Mathieu, Normandie. Huko alitaka kupima mistari ya vivuli, ila hakuwa na lenzi yenye nguvu ya kuukusanya mwanga wa jua hadi kuwa nukta. Akadondosha asali kwenye kitundu cha bati la shaba. Tone lilikaa limejiviringa, na likafanya kazi ya lenzi. Kipimo chake alikiunda kwa nyuzi na makadi, na fundi wa makufuli wa kijijini akamtengenezea vishikizo. Kwa vitu hivyo alipata vipimo vilivyoisimamisha hesabu ya mawimbi, hesabu ambayo hadi leo wahandisi wa mwanga huitumia bila kuigusa.

Kilichofuata kinajulikana sana, nikipite upesi. Chuo cha Sayansi cha Paris kilitangaza shindano. Poisson, mmoja wa majaji na mtu wa chembe, akaonyesha kwamba hesabu ya Fresnel ikiwa sahihi, basi katikati ya kivuli cha kisahani cha duara lazima pawe na nukta ya mwanga, jambo aliloliona la upuuzi. Arago, jaji mwenzake, akachukua kisahani cha metali cha milimita 2, akakibandika kwenye kioo kwa nta, akatazama. Nukta ilikuwepo.

Tangu hapo nuru ilikuwa wimbi, na kufikia mwaka 1887 Heinrich Hertz, katika mji wa Karlsruhe, alikuwa anaelekea kuonyesha ni wimbi la nini. Kifaa chake kilikuwa na cheche mbili: ya kwanza ilitoa mawimbi ya umeme, ya pili, ndogo mno, iliyapokea kutoka mbali kidogo. Cheche hiyo ndogo ilikuwa ngumu kuonekana, kwa hiyo Hertz akaifunika kwa kasha jeusi ili macho yasisumbuliwe na mwanga wa ile kubwa. Cheche ikafupika.

Mtu mwenye haraka angelitupa kasha na kuendelea na shughuli yake. Hertz alisimama. Alilibomoa kasha upande mmoja baada ya mwingine mpaka akajua kwamba upande wenye hatia ni ule unaokaa kati ya cheche na cheche. Akaweka kioo mahali hapo: cheche ikafupika vilevile. Akaweka kwatzi, ambayo hupitisha mwanga wa urujuanimno unaozuiwa na kioo: cheche ikarefuka. Kwa hiyo ni mwanga wa urujuanimno wa cheche kubwa ndio uliokuwa unaisaidia ndogo kuruka. Aliandika makala yake, akasema hana maelezo, akarudi kwenye mawimbi. Kifaa kilekile kilichothibitisha kwamba nuru ni wimbi la umeme na sumaku ndicho kilichookota kipande cha kwanza cha ushahidi usiokaa ndani ya wimbi.

Baadaye ilijulikana kwamba mwanga hung'oa elektroni kutoka kwenye metali. Philipp Lenard alionyesha mwaka 1902 kwamba ukiongeza ukali wa mwanga, elektroni zinakuwa nyingi zaidi, lakini hakuna hata moja inayotoka kwa nguvu zaidi. Wimbi kubwa linapaswa kurusha kwa nguvu kubwa. Hili halikurusha. Mwaka 1905 Einstein, wakati huo karani katika ofisi ya hataza mjini Bern, alipendekeza kwamba nishati ya mwanga huja kwa vifurushi, na ukubwa wa kifurushi hutegemea rangi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Elektroni humeza kifurushi kimoja, hulipa gharama ya kutoka kwenye metali, na kinachobaki ndiyo kasi yake. Wachache sana walimkubalia. Mwaka 1913, mwanafizikia Planck na wenzake walipomwombea Einstein nafasi katika Chuo cha Sayansi cha Berlin, walimsifu kwa mengi, kisha wakaomba asihukumiwe kwa kosa hili moja.

Mtu wa kwanza kuliendea jambo hili kwa subira ya kweli alikuwa kijana wa miaka 22. J. J. Thomson, pale Cambridge, aliwaza kwamba kama mwanga umegawanyika vipande, basi mwanga hafifu sana hautaweza kuchora mistari ya Young vizuri, maana vipande vitakuwa vichache mno kukutana. Geoffrey Taylor, ndiye kijana huyo, akalichukua swali hilo nyumbani kwa wazazi wake London. Vyombo vyake: mwali wa taa ya gesi, mwanya mwembamba, sindano ya kushonea, sahani ya picha, kasha lisilopitisha mwanga, na vioo vilivyopakwa moshi. Kivuli cha sindano kilikuwa na mistari pembeni. Kazi ilikuwa kuupunguza mwanga kwa kuongeza vioo vya moshi, na kuongeza muda wa kupiga picha kwa kiasi kilekile, ili kila sahani iwe nyeusi sawa na ya kwanza.

Picha ya mwisho ilichukua takriban saa 2,000. Hiyo ni karibu miezi mitatu. Mwanga uliofika kwenye sahani ulikuwa sawa na wa mshumaa mmoja uliowekwa umbali wa zaidi kidogo ya maili moja. Taylor hakukaa kuulinda; alipenda bahari kuliko maabara, na husimuliwa kwamba sehemu ya muda huo aliitumia kwenye mashua. Alipoisafisha picha, mistari ilikuwa imekaa mahali pake, mikali kama ile iliyopigwa kwa mwanga mwingi.

Makala aliyoitoa mwaka 1909 haizidi kurasa mbili hivi. Haina mbwembwe. Anasema alichofanya, anasema alichoona, anaweka kalamu chini. Hakulirudia swali la nuru tena katika maisha marefu yaliyoishia 1975. Alihamia kwenye mwendo wa hewa na maji, akawa bingwa wake, na mnamo 1933 akabuni nanga yenye umbo la jembe la plau ambayo wenye mashua bado wanaitumia. Ninaipenda nanga ile karibu sawa na picha ya sindano. Zote mbili zimetoka kwa mtu aliyejua kwamba kitu kikiwekwa sawasawa kinaweza kuachwa peke yake.

Wakati Taylor anasubiri, mtu mwingine alikuwa anahangaika Chicago. Robert Millikan aliamini kwamba Einstein amekosea, na alikusudia kulionyesha kosa lenyewe. Mazingira yalimsaidia kuamini hivyo. Mkuu wa idara yake katika Chuo Kikuu cha Chicago alikuwa Albert Michelson, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1907 kwa vipimo vinavyotegemea kukutana kwa mawimbi ya mwanga, mistari ileile ya Young. Katika jengo lile, nuru kuwa wimbi ilikuwa ndiyo riziki ya watu.

Fomula ya Einstein ina jambo moja linalompendeza mtu wa vipimo: haina pa kujificha. Imulike metali kwa rangi moja. Weka volti zinazozirudisha elektroni nyuma, uziongeze kidogo kidogo mpaka hata elektroni yenye nguvu kuliko zote ishindwe kuvuka. Andika volti hizo. Badilisha rangi, urudie. Ukichora volti dhidi ya idadi ya mitetemo ya mwanga, Einstein alidai, utapata mstari ulionyooka, na mwinuko wake utakuwa mmoja kwa metali zote: namba iitwayo ya Planck, h, ikigawanywa kwa chaji ya elektroni. Na chaji ya elektroni Millikan mwenyewe ndiye aliyekuwa ameipima kwa matone ya mafuta, kwa usahihi uliowapita wote waliomtangulia.

Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya hukutana na mstari huu kwenye karatasi ya mtihani. Jedwali limeshaandaliwa, yeye anachora grafu, anaweka rula, anatafuta mwinuko, anaandika h, anahamia swali linalofuata. Millikan, kwa hesabu yake mwenyewe, kazi hiyo ilimchukua miaka kumi.

Shida ya kwanza ilikuwa urefu wa mstari. Metali za kawaida, kama shaba, hutoa elektroni kwa mwanga wa urujuanimno tu, kwa hiyo zinakupa kipande kifupi cha grafu, na kipande kifupi hudanganya: nukta chache zilizobanana zinaweza kupitiwa na mstari ulionyooka na hata na ule uliopinda. Ili kupata mstari mrefu unahitaji metali zinazoitikia hata mwanga unaoonekana kwa macho. Hizo ni sodiamu, potasiamu na lithiamu. Ila hizi hazina adabu. Sodiamu hukatika kwa kisu kama mche wa sabuni. Ndani hung'aa kama fedha, na kabla hujamaliza kuistaajabia imeshafifia, kwa sababu hewa imeila. Uso uliofifia hutoa vipimo vya huo uchafu, siyo vya sodiamu. Kwa hiyo lazima metali ikatwe mahali pasipo na hewa, na ipimwe papo hapo, na kesho ikatwe tena.

Kwa hiyo Millikan alitengeneza karakana ndani ya chupa. Yeye mwenyewe aliiita hivyo, karakana iliyo katika ombwe, na hakuwa anatia chumvi. Ndani ya chombo cha kioo kilichofyonzwa hewa kulikuwa na gurudumu, na juu ya gurudumu vipande vitatu vya mviringo: sodiamu, potasiamu, lithiamu. Hakuna mkono unaoweza kuingia humo, wala mhimili unaoweza kupenya kioo bila kuvujisha hewa. Kila kitu kiliendeshwa kwa sumakuumeme kutoka nje. Sumaku moja ililizungusha gurudumu mpaka metali inayotakiwa itazamane na kisu. Nyingine ilikisogeza kisu mbele na kukizungusha, kikavua ganda jembamba la metali, likadondoka chini ya chupa. Kisha gurudumu likazungushwa tena, uso mpya ukatazamana na dirisha ambalo mwanga unaingilia. Kama kisu kimekwama, hakuna kufungua na kurekebisha kwa koleo. Unavunja ombwe, na unaanza upya.

Fundi aliyevifanya vitu hivi viwezekane aliitwa Julius Pearson, na Millikan alimtaja kwa jina ndani ya makala, akikiri ujuzi na uzoefu wake. Hili lastahili kuangaliwa, kwa sababu Millikan hakuwa daima mwepesi wa kugawana sifa. Katika kazi ya matone ya mafuta, mwanafunzi wake Harvey Fletcher alikuwa amefanya sehemu kubwa, na makala ya kwanza ikatoka kwa jina la Millikan peke yake. Pearson, mtu wa karakana asiyeweza kumshindania cheo, alipata angalau sentensi yake.

Shida ya pili haionekani mpaka ikuume. Elektroni zikitoka kwenye metali lazima zidakwe na kitu, nacho kimetengenezwa kwa metali vilevile. Mwanga kidogo unaoakisiwa ukikiangukia, nacho kinaanza kutoa elektroni zake, zinazorudi upande wa pili, na hesabu inavurugika bila dalili yoyote. Millikan alitumia wavu wa shaba uliopikwa mpaka ukashika kutu yake nyeusi, kwa kuwa shaba ya namna hiyo haiitikii rangi alizokuwa anazitumia. Mdakaji asiye na sauti yake mwenyewe.

Ya tatu: metali mbili tofauti zikiunganishwa, kati yao huwa kuna volti ndogo hata kama hujaunganisha betri. Volti hiyo hujiongeza kwenye kila kipimo, na inabadilika kadiri uso unavyochakaa. Wengi waliotangulia walikuwa wameipuuza au kuikadiria. Millikan aliongeza kituo kingine ndani ya chupa: baada ya kuvuliwa ganda, metali ilizungushwa mpaka mbele ya bamba, volti hiyo ikapimwa, kwa uso uleule, siku ileile.

Na mwanga wenyewe. Alitumia taa ya zebaki, ambayo hutoa rangi chache zilizo dhahiri, akazitenganisha na kuingiza moja moja. Lakini rangi iliyotenganishwa haiwi safi kabisa. Ukidhani umeingiza kijani, na ndani yake pamejipenyeza chembe kidogo ya urujuanimno, hiyo kidogo ndiyo itakayorusha elektroni zenye kasi kubwa, na hizo ndizo unazopima, kwa kuwa unatafuta ile ya mwisho kusimama. Uchafu mdogo kuliko wote ndio unaoandika jibu. Kwa hiyo palihitajika vichujio, na kurudia, na kurudia tena.

Alipoweka nukta zake za sodiamu kwenye karatasi, kuanzia kijani cha nanomita 546 hadi ndani ya urujuanimno, zilikaa kwenye mstari ulionyooka kiasi kwamba mtu angeweza kuzishuku. Lithiamu ikatoa mwinuko uleule. Makala ilitoka mwaka 1916. Thamani ya h aliyoipata, kwa vizio vya leo, ni 6.57 × 10⁻³⁴. Ile tunayoitumia sasa ni 6.626 × 10⁻³⁴. Amekosa kwa chini ya asilimia moja. Na namba hiyo si ya wanafizikia tu: tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo yenyewe hufafanuliwa kwa h, kwa hiyo kilo ya sukari unayopimiwa dukani, mwisho wa yote, imening'inizwa kwenye namba ambayo Millikan aliitoa ndani ya chupa.

Hakufurahi. Ndani ya makala hiyohiyo alisema kwamba mlinganyo wa Einstein unaeleza matokeo yote kwa usahihi, na kwamba wazo la vifurushi vya nuru lililouzaa haliwezi kushikiliwa. Watu huicheka sehemu hii. Mimi naiona ndiyo taji la kazi yake. Alitaka jibu moja, kifaa chake kikatoa jingine, naye akalichapisha bila kulikwaruza, desimali zote zikiwa mahali pake, huku akilalamika. Kamati ya Nobel nayo ilikuwa na tahadhari kama yake: Einstein alipewa tuzo ya mwaka 1921 kwa sheria ya elektroni zinazong'olewa na mwanga, na vifurushi havikutajwa. Millikan alipata yake mwaka 1923. Mwaka huohuo Arthur Compton alichapisha majaribio yake ya miali ya eksirei ikigonga elektroni na kudunda, na wengi wakasalimu amri. Katika kumbukumbu za maisha alizochapisha mwaka 1950, Millikan alisimulia kana kwamba aliviamini vifurushi tangu siku alipouona mstari wake. Uzee una ukarimu wake. Chupa ilikuwa na kumbukumbu bora.

Sasa mambo mawili yalisimama bega kwa bega na hayakupatana. Picha ya Taylor ilisema hata mwanga hafifu kuliko wote huchora mistari ya wimbi. Mstari wa Millikan ulisema mwanga humezwa kipande kwa kipande. Ungeweza kuvipatanisha kwa ujanja: pengine wimbi ni wimbi, na metali ndiyo inayolipa kwa vipande. Na jaribio la Taylor, kwa uzuri wake wote, lilikuwa na upenyo. Kuufifisha mwanga wa taa hakukupi kipande kimojakimoja. Kunakupa wastani mdogo, huku mara nyingine vipande viwili vikiandamana, na mara nyingi hakuna kitu. Hakuna aliyeweza kunyoosha kidole na kusema: sasa hivi, ndani ya kasha, kipo kimoja.

Upenyo huo uliachwa wazi muda mrefu kuliko mtu anavyodhani. Ulizibwa mwaka 1986 huko Orsay, nje ya Paris, na Philippe Grangier, Gérard Roger na Alain Aspect. Walitumia atomu za kalisi zilizosisimuliwa kwa leza. Kila atomu hutulia kwa kutoa vifurushi viwili vya nuru, yaani fotoni mbili, zikifuatana upesi, ya kwanza ya kijani, ya pili ya buluu. Ile ya kijani ilifanywa mpiga mbiu: ikidakwa tu, mitambo ya elektroniki inafungua lango kwa takriban nanosekunde 9, na ndani ya lango hilo ndipo fotoni ya buluu hutazamiwa. Sasa mtu anaweza kunyoosha kidole.

Fotoni ya buluu ilielekezwa kwenye kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kuakisi nusu, na kila njia ikawekewa kidakuzi. Wimbi lingegawanyika, na mara kwa mara vidakuzi vyote viwili vingelia pamoja. Kwa hesabu ya wimbi walitarajia milio ya pamoja 50 hivi. Walipata 9, na hata hiyo yatokana na lango kubeba fotoni ya atomu nyingine kwa bahati. Fotoni haikugawanyika. Ilikwenda huku, au ilikwenda kule.

Kisha wakaondoa vidakuzi hivyo, bila kugusa chanzo, wala lango, wala kioo cha kwanza. Wakaweka vioo vya kuzirudisha njia zote mbili zikutane kwenye kioo kingine cha nusu, na vidakuzi baada yake. Wakabadilisha urefu wa njia moja kwa hatua ndogo kuliko urefu wa wimbi la buluu, wakahesabu, wakasogeza, wakahesabu. Mwanzoni hesabu ni chache na hazina umbo. Kadiri muda unavyokwenda zinapanda na kushuka kwa mpangilio uleule wa kivuli cha Young, kwa uwazi unaozidi asilimia 98. Kitu ambacho dakika chache kabla kilikataa kugawanyika sasa kinatenda kama kilichopita njia zote mbili. Hesabu za fizikia zinatabiri yote mawili bila kukosea. Lakini kuhusu ni nini hasa kilichopita pale katikati, wanafizikia bado wanabishana, na wabishi wazuri wapo kila upande.

Asilimia 98 si namba inayokuja yenyewe. Vioo viwili vilivyo mbali vinapaswa kukaa sambamba, njia mbili zilingane kuliko jicho linavyoweza kuona, na zibaki hivyo huku hewa ya chumba ikipoa na kupata joto. Aspect, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2022 pamoja na John Clauser na Anton Zeilinger, hutaja majaribio ya Orsay kama kazi ya kikundi, na katika kikundi hicho Gérard Roger alikuwa mhandisi, mtu wa kuvifanya vitu vikae. Julius Pearson alishukuriwa kwa sentensi moja katikati ya makala. Jina la Roger limeandikwa juu, chini ya kichwa cha habari, kati ya Grangier na Aspect.